Nanna Svartz
Nanna Svartz (25 Julai 1890 – 23 Aprili 1986) alikuwa daktari na mtafiti kutoka nchi ya Uswidi. Mwaka 1937 aliteuliwa kuwa profesa wa tiba katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm. Alikuwa mwanamke wa kwanza nchini humo kupata uprofesa katika chuo cha serikali.

Akitafuta dawa ya baridi yabisi, alishirikiana na kampuni ya Pharmacia kuunganisha salfa na salisilati, jamii ya aspirini. Dawa iliyopatikana, sulfasalazini, iliwapa nafuu pia wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa wa kuharisha damu ambao haukuwa na dawa ya uhakika. Alichapisha matokeo mwaka 1942.

Bakteria wa utumbo huivunja dawa hiyo, na utafiti wa mwaka 1977 ulionyesha kwamba sehemu ya salisilati ndiyo inayotuliza uvimbe. Sulfasalazini inatumika hadi leo.