Joseph Needham na asili ya bunduki

Sisi watu wa pwani tukisikia mzinga, akili huenda Fort Jesus na kwa Wareno waliotufikia 1498. Ndiyo maana wengi wetu tumekua tukiamini kwamba bunduki ni akili ya Mzungu tangu mwanzo, na kwamba Mchina baruti yake ilikuwa ya fataki tu. Aliyefanya kazi kubwa ya kuivunja imani hiyo ni Mzungu mwenyewe, Joseph Needham wa Cambridge.

Alizaliwa London, Desemba 1900, mtoto wa pekee wa baba daktari na mama mtunzi wa muziki. Alisomea kemia ya viumbe, na kitabu chake cha 1931 kuhusu kemia ya kiinitete kilimpa jina kubwa. Angeweza kuishia hapo na akakumbukwa. Lakini 1937 walifika Cambridge wanafunzi watatu kutoka Uchina, mmoja wao Lu Gwei-Djen, binti wa mfamasia wa Nanjing. Needham, aliyekuwa na mke, Dorothy, naye mwanasayansi, alimpenda binti huyo, akaanza kujifunza Kichina akikaribia miaka 40.

Mwaka 1943 serikali yake ilimpeleka Chongqing, wakati Uchina inapigana na Japani, awasaidie wanasayansi wa huko. Alizunguka nchi kwa lori hadi Dunhuang. Kijijini Lizhuang alikutana na Wang Ling, mwanahistoria kijana aliyeanza kupekua vitabu vya kale kutafuta asili ya baruti. Baadaye Wang Ling alimfuata Cambridge, na juzuu ya kwanza ya kazi yao kuhusu sayansi ya Uchina ikatoka 1954.

Kabla ya hapo, 1952, aliingia tume iliyosema kwamba Marekani imetumia viini vya maradhi katika vita vya Korea. Alilaumiwa vikali kwao, na Marekani ikamfungia mlango kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu hapo aliteleza. Mtu aliyedai ushahidi kwa kila kipande cha shaba cha miaka 700, safari hii aliegemea zaidi imani yake kwa wenyeji wake.

Juzuu ya baruti ilitoka 1986, na ndani yake njia nzima imepangwa. Kitabu cha Kichina cha 1044 kinataja michanganyiko ya baruti. Mwaka 1132, mji wa De'an ulipozingirwa, walinzi walitumia mkuki wa moto, yaani bomba lililojazwa baruti, likatema moto usoni mwa adui. Kufika 1259 mwanzi ulikuwa unarusha kitu mfano wa risasi. Kisha ikaja shaba. Huko Heilongjiang, 1970, ulichimbuliwa mzinga wa mkononi wa sentimita 34, uzito kilo 3 na nusu, nyuma una tundu la kutia mpini wa mti, katikati umefura pale baruti inapowakia. Haukuandikwa tarehe, ila wataalamu waliukadiria kuwa si wa baada ya 1288, kwa vita vilivyopiganwa upande ule. Ulaya mchoro wa mwanzo wa mzinga ni wa 1326, Uingereza, nao pia umefura tumbo. Needham hakukubali kwamba umbo hilo lilifanana kwa bahati tu.

Wala hakuwasahau Waislamu waliokuwa katikati ya njia hiyo. Ibn al-Baytar wa Andalusia, aliyefia Damascus 1248, aliita shura theluji ya Uchina. Hasan al-Rammah wa Sham, aliyefariki 1295, aliandika namna ya kuisafisha kwa jivu la kuni. Shura yenyewe Waarabu waliiita barud, na hapo ndipo lilipotoka neno letu baruti.

Miaka miwili baadaye yeye na Lu waliandika kuhusu sanamu ya pangoni Sichuan, ya 1128, iliyoshika chombo chenye tumbo kinachotoa moto. Wao walisema ni mzinga. Wengine wanabisha hadi leo.

Dorothy alifariki 1987. Needham alimuoa Lu 1989, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kujuana, naye Lu akafariki 1991. Needham mwenyewe alifariki Cambridge, Machi 24, 1995, akiwa na miaka 94. Juzuu nyingine za kazi yake zilitoka yeye akiwa kaburini.