Moseley, Aliyezipa Atomu Nambari Zake

Kila anayesoma kemia shuleni hukutana na mpangilio wa elektroni. Sodiamu, 2.8.1. Klorini, 2.8.7. Tunaukariri kama wimbo, mtihani ukiisha tunausahau. Lakini nani alihakikisha kwamba sodiamu ni ya 11, wala si ya 10 au ya 12? Nambari hiyo ikikosewa, mpangilio wote wa elektroni umeharibika, maana atomu ina elektroni sawasawa na protoni zake. Aliyelimaliza jambo hili ni kijana aitwaye Henry Moseley.

Alizaliwa tarehe 23 Novemba 1887 mjini Weymouth, Uingereza. Babake alikuwa profesa wa elimu ya wanyama, akafariki mtoto hajatimiza miaka minne. Akasoma Eton, kisha Oxford, na mwaka 1910 akaenda Manchester kufanya kazi kwa Ernest Rutherford. Mwaka uliofuata Rutherford alitangaza kwamba atomu ina kiini kidogo mno katikati, na elektroni ziko nje yake. Naye Niels Bohr wa Denmark, aliyepitia hapo hapo Manchester, akaeleza mwaka 1913 kuwa elektroni hazitangitangi ovyo, bali zina ngazi zake za nishati.

Sasa tatizo lilikuwa wapi? Nenda Kawangware kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mimi hupita huko nikienda kwa shangazi yangu, na huwa nasimama kutazama. Kila kitu ni mzani na kilo. Lakini hata mwenye mzani hutenganisha shaba na chuma kwa macho kabla ya kupima, kwa sababu uzito peke yake hausemi kitu ni nini. Mendeleev wa Urusi alipopanga elementi mwaka 1869 alitumia uzito wa atomu, huku akiangalia tabia zake. Mpango ulikuwa mzuri ajabu, ila kulikuwa na elementi watundu. Agoni, iliyogunduliwa mwaka 1894, ina uzito wa 39.9, na potasiamu 39.1. Ukifuata mzani, potasiamu inatangulia na kuketi pamoja na zile gesi zisizojali mtu, halafu agoni inaketi na sodiamu! Nani amewahi kuona agoni ikiwaka juu ya maji? Kobalti na nikeli nazo zilikuwa na ugomvi huo huo.

Moseley aliuacha mzani akachukua eksirei. Alipanga vipande vya metali juu ya kigari kidogo ndani ya chombo kilichotolewa hewa, akawa anakivuta kwa uzi wa hariri wa kuvulia samaki. Kila kipande kilipofika mahali pake kilipigwa na elektroni zenye kasi. Hapo elektroni ya ngazi ya ndani kabisa hung'oka, nyingine ya ngazi ya juu huteremka kuziba pengo, na katika kuteremka hutoa eksirei. Kiini chenye protoni nyingi huvuta kwa nguvu zaidi, basi eksirei yake nayo huwa na nguvu zaidi. Moseley akazipiga picha. Kumbe kipeuo cha pili cha marudio ya wimbi hupanda hatua sawasawa kutoka elementi moja hadi inayofuata! Kwa zinki alitumia shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na picha ikaonyesha mistari ya zote mbili. Kobalti ikawa 27, nikeli 28, na ugomvi ukaisha. Sababu ya mzani kudanganya ilikuja kueleweka baadaye, James Chadwick alipogundua nyutroni mwaka 1932: atomu nyingi za agoni zina protoni 18 na nyutroni 22, ilhali nyingi za potasiamu zina protoni 19 na nyutroni 20 tu.

Wenzake walisimulia kuwa alikuwa mtu wa kukesha, na alijua pa kupata chakula Manchester saa tisa za usiku. Sisi wa Kibera tunaongoja majirani wazime redio ndipo tufungue vitabu, tunamwelewa huyu bwana.

Kufikia mwaka 1914, sasa akiwa Oxford, alikuwa amefika dhahabu, nambari 79, na akaonyesha mapengo: 43, 61 na 75. Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta Australia mkutanoni. Akarudi mbio, akakazana mwenyewe mpaka akaingia jeshini. Tarehe 10 Agosti 1915, huko Gallipoli, Uturuki, alipigwa risasi ya kichwa akitoa amri kwa simu. Alikuwa na miaka 27.

Vita hivyo hivyo vilifika huku kwetu. Askari Wanubi wa KAR, au Keya, walipigana na Wajerumani, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitenga rasmi Kibera kuwa ardhi ya wanajeshi. Ulikuwa msitu wakati huo, na ndiyo maana ya jina lenyewe kwa Kinubi.

Na yale mapengo je? Lilikuwako jingine, 72. Mfaransa Urbain alidhani amelijaza. Alimpelekea Moseley sampuli yake Oxford mwaka 1914, lakini eksirei hazikuonyesha elementi yoyote mpya. Baadaye Bohr, kwa kufuata mpangilio wa elektroni, alisema elementi ya 72 lazima iwe na elektroni nne za nje kama zirkoniamu. Basi Coster na Hevesy wakaitafuta ndani ya mawe ya zirkoniamu kwa njia ile ile ya Moseley, na mwanzoni mwa 1923 wakatangaza hafniamu, iliyopewa jina la Kilatini la mji wa Copenhagen. Ya 75 ilipatikana 1925, ya 43 mwaka 1937. Ya 61, promethiamu, ilichelewa hadi 1945, miaka 30 baada ya risasi ile ya Gallipoli.