Mwalimu Nyerere: alifunga mupaka, kisha akakubali kuufungua

Mu namba hii tunaeleza maisha ya Julius Kambarage Nyerere, raisi wa kwanza wa Tanzania. Wengi wanamukumbuka juu ya uhuru na ujamaa. Sisi tumemuchagua juu ya mipaka. Serikali yake ilifunga mupaka na jirani karibu miaka saba, na yeye mwenyewe alikaa na huyo jirani mpaka ukafunguliwa. Kwa mutu aliyekimbia akarudi, ni muzuri kujua ile kazi ilifanyika namna gani.

Mutoto wa Butiama

Nyerere alizaliwa 1922 kule Butiama, karibu na Ziwa Victoria. Baba yake alikuwa chifu wa Wazanaki, kabila ndogo. Mupaka wa Kenya hauko mbali na pale, na Wakuria, wajirani wa Wazanaki, wanaishi pande zote mbili. Alisoma Makerere, Uganda, kisha Edinburgh, Scotland, ambako alimaliza 1952. Aliporudi alifundisha kwenye shule ya Pugu, karibu na Dar es Salaam. Njo maana mpaka leo wanamuita Mwalimu.

Tarehe 7/7/1954 yeye na wenzake walianzisha chama cha TANU. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9/12/1961, na 1964 ikaungana na Zanzibar. Mbele ya uhuru, 1960, alikuwa amesema yuko tayari kuuchelewesha kusudi Tanganyika, Kenya na Uganda zitoke pamoja zikiwa inchi moja. Haikuwa vile. Lakini 1967, kule Kampala, yeye na Kenyatta na Obote walitia sahihi Jumuiya ya Afrika Mashariki. Treni, bandari, posta na ndeke zikawa mali ya inchi tatu pamoja, na makao yakawa Arusha.

Nyumba inapasuka

Jumuiya ilidumu miaka kumi tu. Sababu ya kwanza ilikuwa siasa. Januari 1971 Idi Amin alimupindua Obote, na Nyerere akakataa kukaa meza moja na Amin. Tangu pale maraisi watatu hawakukutana tena kwa kazi ya Jumuiya.

Sababu ya pili ilikuwa feza. Kenya ilikuwa na viwanda vingi zaidi, na wengine waliona njo inakula faida. Kila upande ulisema mwenzake haleti mu kapu ya pamoja sehemu anayopashwa kuleta. Mwanzo wa 1977 shirika la ndeke la pamoja lilisimama, Kenya ikaanzisha lake. Tanzania ikafunga mupaka. Mu katikati ya mwaka ule Jumuiya ilikuwa imekufa.

Kila inchi ilishika mali iliyopatikana kwake: ndeke, mabogi ya treni, meli, magari. Raisi hakulala njaa. Walioumia ni Wamaasai na Wakuria, ambao shemeji na ngombe zao walikuwa ngambo, na wachuuzi wa Namanga na Taveta. Waliumia pia wafanyakazi wa Jumuiya, waliopoteza kazi bila kupewa haki zao. Hata kisha mwaka 2000, kule Dar es Salaam, wazee kati yao walikuwa bado wanadai pensheni.

Kuhesabu mali na madeni

Hapa njo kuna jambo ambalo tunataka memba alishike. Kenya na Tanzania hazikupatana juu moja ilikubali mawazo ya mwingine. Tanzania ilibaki na ujamaa wake, Kenya ikabaki na biashara yake. Kilichofungua mupaka ni hesabu.

Serikali tatu zilikubali mutu wa inje, Mswisi Victor Umbricht, kusudi aandike mali yote ya Jumuiya iko wapi, ina bei gani, na nani anadai nani. Kazi ile ilichukua miaka. Katikati yake kulikuwa hata vita: mwisho wa 1978 Amin aliingia Kagera, na Aprili 1979 waaskari wa Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa ukimbizini waliingia Kampala. Orodha haikuachwa juu ya vita.

Novemba 1983 Nyerere, Moi wa Kenya na Obote, ambaye alikuwa amerudi kwenye utawala, walikutana Arusha. Walikubali ginsi ya kugawanya. Kenya ilipata sehemu kubwa, na Uganda, ambayo mali kidogo tu ilikuwa imebaki kwake, ilipashwa kulipwa na wale wawili. Hakuna aliyetoka pale na kila kitu alichotaka. Mupaka ukafunguliwa mwezi ule ule, na mapatano kamili yalitiwa sahihi Mei 1984. Mwaka ule wa 1983 Nyerere alipewa pia zawadi ya Nansen, ambayo UNHCR inawapa watu waliowasaidia wakimbizi, maana inchi yake ilikuwa imepokea wengi.

Kazi ya mwisho: Burundi

Aliacha uraisi 1985 kwa hiari yake. Miaka kumi kisha, Burundi ilipokuwa inaungua, alikubali kuwa mupatanishi. Julai 1996 Buyoya alipokamata utawala kwa nguvu, inchi jirani ziliifungia Burundi njia za biashara, na Nyerere aliunga mukono. Warundi wengi walimukasirikia, wakaona anapendelea upande mumoja. Vile vikwazo viliondolewa Januari 1999.

Mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998. Nyerere aliyagawanya mu kamati, na moja ilikuwa ya kujenga inchi upya. Kwa hiyo mu mapatano ya Arusha kuna sehemu nzima, ya ine, inayosema mukimbizi anarudi namna gani: haki yake kwa shamba na mali, na malipo kama haiwezekani kurudishiwa. Nyerere hakuiona siku ile. Alikufa London tarehe 14/10/1999, Mandela akachukua kazi, na mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28/8/2000. Vikundi vikubwa vya silaha havikuwa ndani, na vita iliendelea miaka mingine. Lakini tangu 2002 mamia ya maelfu ya Warundi walirudi kutoka Tanzania, na kwa mambo ya mashamba walikuwa na karatasi ya kusimamia.

Na sisi hapa

Mu muji yetu tunajua bei ya wajirani kukosana. Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, waaskari wa Rwanda na Uganda, waliokuwa marafiki, walipigana hapa Kisangani. Bombe zilianguka kwenye nyumba, mamia ya raia walikufa. Waliokuwa wanagombana hawakuwa hata Wakongomani.

Hesabu ya ile ilikuja kwa kuchelewa. Korti ya kimataifa ya La Haye ilihukumu Uganda 2005, na Februari 2022 ikasema ilipe dolari milioni 325: milioni 225 juu ya watu, 40 juu ya mali, 60 juu ya utajiri wa udongo na pori. Hiyo ni kwa makosa yake yote mu Kongo, haiko kwa Kisangani peke yake. Rwanda haikuhukumiwa, maana haikukubali uwezo wa ile korti.

Mwaka ule wa 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyofufuliwa Arusha tarehe 30/11/1999, karibu wiki saba kisha kifo cha Nyerere. Kwa karatasi, sasa sisi, Rwanda na Uganda tuko nyumba moja, na memba anayeenda kuchukua bidhaa Kampala angepashwa kusafiri bila mateso. Kwa njia, kila mutu anajua ginsi iko, na Mashariki vita haijaisha.

Kufungua mipaka ni kazi ya wakubwa. Ya kwetu ni orodha. Memba aliye na karatasi ya kiwanja, ya kambi ao ya hospitali, aitunze pahali pakavu na atengeneze kopi. Asiye nayo, aite wajirani wawili wanaojua, aandike nao tarehe, pahali na kilichopotea, halafu wote watie sahihi. Na wafazili wetu wajue: feza ya kopi, daftari na usafiri wa mashahidi ni kidogo kuliko feza ya mabati, lakini siku hesabu itaitishwa, bila hiyo karatasi mutu wetu atarudi nyumbani mikono mitupu.