Kinjekitile Ngwale: Maji, hofu na kinga ya mwili

Mganga wa Ngarambe aliyewaunganisha watu wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya Wajerumani anakumbukwa kwa dawa ambayo haikuzuia risasi. Lakini maisha yake yanaibua swali ambalo sayansi ya tiba bado inalichunguza: akili ina nguvu kiasi gani juu ya mwili?

Kinjekitile Ngwale aliishi Ngarambe, kusini mwa Mto Rufiji, karibu na vilima vya Umatumbi. Zilikuwa nyakati ngumu. Tangu mwaka 1898 Wajerumani walikuwa wakitoza kodi ya nyumba, rupia 3. Mwaka 1902 likaja agizo la kulima pamba katika mashamba ya pamoja. Watu waliacha mpunga na mtama wao ili wahudumie pamba ya serikali, huku maakida na askari wakisimama juu yao na kiboko. Ujira ulikuwa mdogo mno, na wengine hawakutaka hata kuupokea.

Alipataje umaarufu?

Kwa mujibu wa masimulizi ya wazee, yaliyokusanywa na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, Kinjekitile alipandwa na pepo aitwaye Hongo mwaka 1904. Inasimuliwa kwamba aliingia majini mbele ya watu, akazama, na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Habari zikaenea kwa kunong'onezana, kijiji hadi kijiji. Makundi ya watu yakamiminika Ngarambe kuchukua maji yake, yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Waliahidiwa kwamba risasi za Mjerumani zingegeuka maji.

Kinjekitile hakugawa dawa tu. Aliwafundisha watu wa makabila mbalimbali, ambao awali kila mmoja aliogopa peke yake, kwamba wote ni wamoja. Aliwataka wasubiri amri yake. Subira ikawaishia Wamatumbi: mwishoni mwa Julai 1905 waling'oa pamba huko Nandete, na vita vikaanza.

Aliuawa vipi?

Wajerumani walimkamata mapema kabisa. Tarehe 4 Agosti 1905 walimnyonga Mohoro, mji mdogo ulio karibu na delta ya Rufiji. Hakuishi kuona vita vikiwafikia Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni. Wala hakushuhudia mwishoni mwa mwezi huohuo bunduki za rashasha zikiwaangusha mamia ya wapiganaji mbele ya boma la Mahenge.

Baada ya hapo Wajerumani walichoma vijiji, maghala na mashamba. Hadi vita vinakwisha mwaka 1907, idadi yao rasmi ya waliokufa ilikuwa 75,000. Wanahistoria wengine wanakadiria watu 250,000 hadi 300,000, wengi wakiuawa na njaa na maradhi, si risasi.

Je, hofu inaweza kuudhoofisha mwili?

Njaa peke yake inatosha kuivunja kinga. Lakini utafiti wa karne ya 20 umeonyesha kwamba hofu ya muda mrefu nayo huongeza mzigo. Mtu anapokutana na hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda kwa kasi, sukari huongezeka kwenye damu, na seli za kinga hujipanga kwa ajili ya jeraha linaloweza kutokea. Kwa dakika chache hali hiyo huokoa maisha. Ikidumu kwa wiki au miezi, kotisoli huzizuia seli nyeupe za damu kufanya kazi yake sawasawa.

Mwaka 1991 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio la watu wazima 394 waliokubali kutiwa virusi vya mafua puani. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo mkubwa wa mawazo, ndivyo alivyokuwa rahisi kuambukizwa. Mwaka 1995, watafiti wa Marekani waliwachunguza wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu. Kidonda kidogo cha ngozi kilichukua takriban siku 9 zaidi kupona kwao kuliko kwa wanawake wasio na mzigo huo.

Na imani je?

Hapa kuna jambo la kushangaza, nalo pia linahusu maji. Mwaka 1975 Robert Ader na Nicholas Cohen, wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwapa panya maji yaliyotiwa sakarini na kuwachoma dawa inayoshusha kinga. Baadaye, walipopewa maji matamu peke yake, kinga yao ilishuka tena. Mwili ulikuwa umejifunza kutii ladha tu.

Hiyo haina maana kwamba maji ya Ngarambe yalikuwa dawa. Risasi haijali mtu anaamini nini, na maelfu walilipa gharama ya imani hiyo. Kilichobadilika baada ya watu kunywa maji yale ni hofu yao: waliokuwa wakikimbia kiboko walisimama mbele ya bunduki. Mwandishi Ebrahim Hussein aliupa mgogoro huo wa imani na ukweli tamthilia yake Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969.

Somo kwa Rufiji ya leo

Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalizifunika nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Baada ya maafa kama hayo tunahesabu magunia, vyandarua na dawa za kutibu maji, na ni sawa, kwa kuwa hakuna faraja inayochukua nafasi ya chanjo au chakula. Lakini mtu aliyepoteza kila kitu, asiyepata usingizi wala hamu ya kula kwa wiki kadhaa, yuko katika hatari ya kuugua pia. Kumtembelea, kumsikiliza na kumsindikiza hadi zahanati ni sehemu ya kumtibu. Watu waliokwenda Ngarambe mwaka 1904 walirudi na maji yasiyofaa kitu mbele ya risasi, lakini walirudi pia wakijua kwamba hawako peke yao.