Marehemu Mbaraka Mwinshehe na Bendi Yake Mwenyewe

Wazee wenzangu tuliokwisha kumaliza na ninyi vijana mlioko madarasani, safari hii napenda niwaeleze habari za marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Najua wapo watakaouliza, Mbaraka na Babati wapi na wapi? Yeye alikuwa mtu wa Morogoro. Lakini sisi tuliokulia mjini hapa, siku zile Babati ikiwa bado katika Mkoa wa Arusha, tulimjua kama jirani. Mwenye duka aliyekuwa na redio ya betri aliiweka mlangoni, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilipopiga wimbo wa Mbaraka, hata makuli waliokuwa wakishusha magunia walipunguza mwendo.

Alizaliwa mwaka 1944 huko Mzenga, Wilaya ya Kisarawe. Mwaka huohuo ndipo bendi ya Morogoro Jazz ilipoanzishwa. Morogoro ya miaka ya 1960 ilikuwa mji wa dansi hasa. Upande mmoja walikuwa Morogoro Jazz, na upande wa pili Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. (Kumbukeni jambo hilo la gari, nitalirudia.) Mbaraka aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka hiyo, akiwa kijana wa miaka 20 na kidogo. Haikupita muda akawa ndiye mtunzi, ndiye mwimbaji, na ndiye mpiga gita la solo. Mtindo wao wa Sululu ulichezwa nchi nzima. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Osaka, na waliporudi safari yenyewe ikawa wimbo. Vilevile Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa kwa risasi siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Kwetu sisi ambao gazeti lilitufikia likiwa limekwisha chakaa, nyimbo zake zilikuwa gazeti.

Sasa nifike nilipotaka kufika. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz akaunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano, kwa mtindo wa Masika. Vijana wa leo mnaweza kuliona jambo dogo. Siku zile halikuwa dogo hata kidogo. Bendi nyingi zilikuwa mali ya klabu, au ya chama, jeshi au polisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi tangu mwaka 1964. Magita, ngoma na vipaza sauti havikuwa vya mwanamuziki. Yeye alikuja na vidole vyake na koo lake, akapewa mshahara mwisho wa mwezi. Mbaraka alijitoa katika utaratibu huo. Vyombo, usafiri na ujira wa wenzake vikawa juu ya kichwa chake. Ukumbi ukikosa watu, hasara ni yake.

Tena nchini hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Studio ya redio ilirekodi, wimbo ukapigwa kila kona ya nchi, lakini aliyetaka kuuza sahani ilimpasa kuangalia Nairobi. Huko ndiko alikorekodi Shida, wimbo uliompa sifa Tanzania na Kenya nzima. Kisha Februari mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Fikirini mtu mwenye bendi yake, na soko lake la sahani liko ng'ambo ya mpaka uliofungwa!

Tarehe 12 Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Alikuwa na miaka 34. Kampuni ya sahani ya Nairobi ikatoa nyimbo zake katika mfululizo ulioitwa Ukumbusho, lakini Super Volcano haikudumu. Hapa nasema bila kuficha: hilo lilikuwa kosa la mpango wake. Mtunzi yeye, mwimbaji yeye, mpiga solo yeye, mwenye bendi yeye. NUTA Jazz walifiwa na kuondokewa na wengi, wakabadilisha majina mara kadhaa hadi kuitwa Msondo Ngoma, wakavuka karne. Wenzangu wengine wa darasa letu husema angebaki Morogoro Jazz. Mimi sikubaliani nao, na tumebishana sana katika mikutano yetu. Baadhi ya nyimbo zake zilizo bora kabisa, Shida ikiwamo, alizitoa baada ya kuondoka.

Habari za kifo chake zilipofika hapa, yule mwenye duka hakuizima redio wala hakuiingiza ndani. Ilipiga nyimbo zake mpaka jioni, betri zikichoka na sauti ikififia. Sisi watoto tuliozoea kucheza mbele ya duka tulikaa kwenye magunia, tukitazamana, hatujui kama inaruhusiwa kucheza.