James Forten, Fundi wa Matanga

Mwaka huu tumemchagua fundi. James Forten alizaliwa mwaka 1766 mjini Philadelphia, Marekani, kwa wazazi weusi walio huru katika nchi iliyojaa watumwa. Baba yake alishona matanga katika karakana ya Robert Bridges, na James alikuwa akifuatana naye angali mdogo. Alipofika miaka saba hivi, baba akafariki.

Akiwa na miaka 14 alipanda meli ya vita, wakatekwa na Waingereza. Nahodha wao akataka kumpeleka Uingereza asome. Akakataa kuisaliti nchi yake, akafungwa miezi saba katika meli ya Jersey, walimofia maelfu ya mateka.

Mwaka 1785 alirudi kwa Bridges kujifunza kazi. Si kazi ya lelemama! Turubai hukatwa vipande virefu, vikaunganishwa kwa sindano na uzi uliopakwa nta, kiganja kikiwa kimefungwa ngozi kisitobolewe. Kisha kamba hushonwa pembezoni, na hapo ndipo penye ufundi: ikivutwa mno, tanga hukunjamana lisishike upepo vizuri. Mwaka uliofuata tu akawa msimamizi, na mwaka 1798 akainunua karakana. Akaajiri mafundi zaidi ya 30, weusi kwa weupe.

Akatajirika. Lakini meli ya biashara ya watumwa hakukubali kuishonea tanga, na mwaka 1831 alilisaidia kwa mali yake gazeti la Liberator lililopinga utumwa. Alifariki Machi 1842. Maelfu ya watu, weusi na weupe, walilisindikiza jeneza lake.