Michael Jackson wa bia: mwandishi aliyeuheshimu ulimi wa mnywaji

UKILITAJA jina la Michael Jackson katika Mtaa wa Kongo au kandokando ya Msimbazi, Kariakoo, kila mtu atajua unamzungumzia mwanamuziki wa Marekani, yule aliyetua Dar es Salaam Februari 1992. Wachache wanafahamu kuwa alikuwapo Michael Jackson mwingine, Mwingereza mwenye ndevu, miwani na mwili wa kutosha, ambaye hakuimba wala kucheza, lakini katika nchi zinazojivunia bia zao alipokewa kama mgeni wa heshima. Kufanana huko kwa majina alizoea kukufanyia mzaha mwenyewe.

Huyu aliishi kwa kuonja bia na kuandika alichokionja. Kwa wengi wetu hiyo si kazi, ni maskhara. Katika baa za jiji hili mhudumu huwa na swali moja tu kwa mteja aliyekwisha kutaja bia yake: ya baridi au ya moto? Akishajibiwa, mazungumzo yamekwisha. Jackson alikuwa na maswali mengine. Alitaka kujua nafaka iliyotumika, hamira iliyoichachua, nani aliyeipika na katika kijiji gani, na kwa nini ladha hiyo haipatikani hata mwendo wa saa moja kutoka hapo.

Alizaliwa Machi 27, 1942 katika mji mdogo wa Wetherby, jimbo la Yorkshire, wakati Uingereza ikiwa vitani. Baba yake, aliyetoka katika familia ya Wayahudi wenye asili ya Lithuania, alikuwa dereva wa lori. Haikuwa nyumba ya watu wenye ghala la mvinyo. Kijana alikulia Leeds na Huddersfield, miji ya viwanda vya nguo, ambako bia ilikuwa kinywaji cha mfanyakazi aliyetoka zamu. Akiwa na umri wa miaka 16 aliacha shule na kuajiriwa katika gazeti la huko kama mwandishi mwanafunzi. Baadaye alifanya kazi Edinburgh, alikoanza kuijua wiski, kisha London, ambako aliwahi kulihariri jarida la Campaign, linaloandika habari za matangazo ya biashara.

Mwaka 1969, akiwa Uholanzi kikazi, alikwenda kusini mwa nchi hiyo wakati wa kanivali na huko akakaribishwa bia iliyotoka ng'ambo ya mpaka, Ubelgiji. Kwa mtu aliyelelewa na bia za Yorkshire, ladha ile ilikuwa jambo jipya kabisa, naye hakukawia kuvuka mpaka kwenda kuitafuta kwao.

Wakazi wa Dar es Salaam si wageni wa Wabelgiji. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa na Waingereza eneo katika bandari ya jiji hili na jingine Kigoma, ili kupitisha mizigo ya Kongo, Rwanda na Urundi. Bia zao, hata hivyo, ni habari nyingine, na ndizo zilizomteka Jackson.

Alikuta watawa wa Kitrapisti wa Westmalle, Orval, Chimay, Rochefort na Westvleteren wakipika bia ndani ya kuta za monasteri. Msomaji anayeijua Peramiho au Ndanda amezoea kuona watawa wakiendesha hospitali, karakana na mitambo ya kuchapa vitabu. Huko mapato ya bia ndiyo yanayoitunza nyumba yao na kazi zao za huruma. Katika bonde la mto Senne, karibu na Brussels, alikuta jambo la ajabu zaidi. Maji ya kimea yaliyochemshwa huachwa wazi usiku kucha katika sinia pana la chuma, bila kutiwa hamira yoyote. Vijidudu vya hewani huingia vyenyewe na kuanza kazi, kisha bia hulazwa katika mapipa ya mbao kwa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Inayopatikana ni lambiki, bia chachu inayokaribia siki, ambayo mnywaji wa kawaida angeirudisha kaunta akidhani imeharibika.

Mtu wa Iringa au Njombe hawezi kushangazwa na habari hiyo. Ulanzi hukingwa kutoka kwenye mianzi wakati wa mvua na huchacha wenyewe. Leo ni mtamu wa kunywesha watoto, kesho umekuwa mkali. Tembo la mnazi la pwani yetu lina tabia hiyo hiyo, tena kwa saa chache tu. Na Mchagga anayechanganya ndizi zilizochachuliwa na uji wa kimea cha ulezi, kisha akatia gome la msesewe ili mbege ipate uchungu, anafanya kwa gome kile ambacho Mbelgiji hufanya kwa maua ya hopsi.

Mwaka 1977 Jackson alichapisha The World Guide to Beer, kitabu kilichomjengea jina. Humo alizigawa bia za dunia katika koo, kila ukoo na asili yake, mapishi yake na ladha yake. Kabla ya hapo watu walizungumzia zaidi bia nyeupe na nyeusi, au bia ya nchi fulani. Leo mpishi wa bia akisema anapika bia ya ngano ya Kibelgiji, mwenzake aliye bara jingine anamwelewa, na sehemu kubwa ya lugha hiyo ilienezwa na kitabu kile. Mfano ni Hoegaarden. Bia ya ngano ya mji huo ilikwisha kufa, kiwanda cha mwisho kikiwa kimefungwa katika miaka ya 1950, hadi Pierre Celis, aliyekuwa mchuuzi wa maziwa, alipoifufua mwaka 1966. Celis ndiye aliyepika. Jackson aliwaeleza walimwengu kwamba kulikuwa na kitu cha kwenda kukionja.

Walikuwapo waliomlaumu kuwa anasifu kupita kiasi. Waswahili tunajua hatari ya jambo hilo: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Utetezi wake ulikuwa kwamba nafasi ya kitabu ni ndogo, na bia isiyo na maana haistahili kupewa hata mstari. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa msomaji mwenye fedha chache mfukoni angependa pia kuambiwa ni chupa ipi asiinunue.

Mfululizo wake wa televisheni, The Beer Hunter, ulioonyeshwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ulimfikisha katika nyumba za watu wasiosoma vitabu vya bia. Mwaka 1991 alitoa kitabu kizima kuhusu bia kuu za Ubelgiji, na nchi hiyo ilimshukuru kwa tuzo aliyokabidhiwa na Mwanamfalme Philippe, ambaye sasa ni mfalme. Marekani athari yake ilikuwa kubwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 taifa hilo lote lilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100. Hivi sasa vimepita 9,000, vingi vikiwa vidogo, na waanzilishi wengi wa vile vya mwanzo walikuwa na kitabu chake mezani. Vitabu vyake vilitafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa si mojawapo.

Hakuishi kuona upepo ulivyogeuka. Oktoba 2016 kampuni ya AB InBev, yenye makao yake makuu Leuven, Ubelgiji, iliinunua SABMiller kwa zaidi ya dola bilioni 100 za Marekani. Kwa ununuzi huo kiwanda cha bia cha Ilala, kilichopo Barabara ya Uhuru, hatua chache kutoka Kariakoo, kikaingia mikononi mwa Wabelgiji. Mwezi uliofuata UNESCO iliuweka utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu. Waliotetea urithi huo walikuwa na maandishi ya kuonyesha, na mengi yalikuwa ya Mwingereza huyu. Mbege, ulanzi, kangara na wanzuki bado vinangoja mtu wa kuzunguka vilabu akiwa na daftari, akiandika ni mama gani wa Rombo anayepika tofauti na yule wa Kibosho na kwa nini, kabla wapishi wenyewe hawajaondoka na siri zao.

Miaka ya mwisho ya Jackson ilikuwa na uchungu wa namna yake. Kwa zaidi ya miaka kumi aliugua ugonjwa wa Parkinson, akaificha hali hiyo. Mikono ilimtetemeka, ulimi ukawa mzito, hatua zikayumba. Mtu mwingine angehurumiwa. Yeye, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuonja bia, alidhaniwa kuwa amelewa. Mwishoni mwa mwaka 2006 aliamua kuutangaza ugonjwa wake hadharani, na akapanga kuandika kitabu kuuhusu ambacho jina lake lingewaambia watu kuwa hajalewa.

Kitabu hicho hakikutoka. Alifariki dunia Agosti 30, 2007 nyumbani kwake Hammersmith, London, akiwa na umri wa miaka 65. Vitabu, majarida na daftari alizokuwa akiandikia ladha ya kila bia viko Chuo Kikuu cha Oxford Brookes.